Deni kwenye rafu ya bafuni

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa kikundi, wazee wetu shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie sabuni, saluni na vipodozi kwa mtu anayelipa deni. Mwenyekiti aliponipigia simu nilicheka, maana kabla ya kualikwa kuzungumza habari hizi nilikuwa bingwa wa kuzikimbia. Kwa hiyo nitaanza na siku niliyojikamata mwenyewe.

Ilikuwa tarehe ya marejesho. Aliyenikopesha alishapiga simu mara mbili. Nikailaza kifudifudi juu ya meza ya saluni, kichwa changu kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia, vidole vinapakwa rangi. Msusi akaniuliza, "Dada, hupokei?" Nikamwambia ni watu wa matangazo. Alipomaliza nikajitazama kwenye kioo na kwa kweli nilipendeza. Nikalipa, nikatoka. Nipo njiani ndipo nikapiga hesabu: nilichoacha pale kilikuwa zaidi ya nusu ya rejesho la mwezi ule.

Nywele zangu hazikuwa zimeharibika siku ile. Nilikwenda saluni kwa sababu nilikuwa nadaiwa. Mtu anayedaiwa huogopa sana kuonekana amechoka. Akipita mbele ya watu anahisi kila jicho linasoma salio lake. Basi anaongeza manukato, ananunua losheni ya chupa nzito, na kaka zangu, ananyoa kila Jumamosi hata kama nywele hazijaota. Analificha deni kwa kulilisha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakutuambia kwamba kwenye matanga hayo wengine tunakwenda tumejipodoa.

Kwa hiyo sikuja kuwaambia mwache kuoga. Mtu msafi, nywele zimetengenezwa, meno meupe, hana haja ya kujieleza kwa nini yuko hivyo. Nilichokuja kusema ni kwamba usafi wenyewe ni rahisi mno kuliko tunavyoulipia, na tofauti ya bei hiyo, ikipelekwa mahali pamoja tu, inaua deni.

Nilipofika nyumbani siku ile nilifungua kabati la bafuni nikatoa kila kitu sakafuni. Losheni zilizofunguliwa zilikuwa 9. Tisa, na ngozi ninayo moja. Shampuu 4: moja ya nywele kavu, moja ya nywele za mafuta, nyingine mbili sikumbuki zilinidanganya nini. Rangi za midomo 11, na 6 kati ya hizo zilikuwa wekundu uleule. Tyubu tatu za dawa ya meno zilizobanwa katikati zikatupwa pembeni. Nikachukua daftari, mbele ya kila kitu nikaandika bei niliyoikumbuka, nikajumlisha. Nilikuwa nimekaa sakafuni mbele ya marejesho ya miezi mitatu na nusu.

Baada ya hapo sikununua losheni kwa miezi 7. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kwenu: msinunue kitu, malizeni mlichonacho. Ila geuza kopo utazame nyuma. Kuna mchoro mdogo wa kikopo kilichofunuliwa kifuniko, ndani yake pameandikwa 6M au 12M. Hiyo ni idadi ya miezi ambayo kitu kinafaa tangu ulipokifungua. Na wanja wa majimaji wa kope usiukalishe zaidi ya miezi 3 hivi, maana vijidudu huzaliana mle ndani na jicho halina spea. Hapo pia ndipo ile ofa ya nunua mbili upate ya tatu bure inapoanza kunuka: ukizifungua zote, ya tatu itachacha kabla hujaimaliza.

Sasa nivumilieni kwenye hesabu, kwa sababu kila ninapofika hapa kuna mtu hunong'ona, "Sabuni na deni, wapi na wapi?"

Chukua deni la 100,000, riba ya asilimia 2 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye salio. Unalipa 3,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, katika hiyo 3,000, riba inachukua 2,000. Deni lenyewe unalipunguza kwa 1,000 tu. Ukiendelea hivyo utalimaliza baada ya miezi 56, yaani miaka minne na miezi minane, na riba peke yake itakuwa imekula zaidi ya 66,000.

Sasa tuseme umepata 2,000 kwenye rafu ya bafuni na kwenye kiti cha kinyozi. Unalipa 5,000. Riba ya mwezi wa kwanza ni ileile 2,000, haijui kwamba umeongeza. Kwa hiyo 3,000 nzima inaingia kwenye deni lenyewe. Umeongeza malipo kwa theluthi mbili, lakini mwezi huo deni limepungua mara tatu ya lilivyokuwa likipungua. Utamaliza kwa miezi 26, na riba yote itakuwa karibu 29,000. Ile 2,000 ya mwezi, ambayo ukiishika mkononi unaona ni kitu cha kununulia losheni, imekuokoa riba ya zaidi ya 37,000 na miaka miwili na nusu ya simu usizotaka kupokea.

Naona mzee wangu pale mbele anaandika. Mzee, andika na hili: kabla hujaongeza malipo, muulize aliyekukopesha maswali mawili. Je, riba inahesabiwa kwenye salio, au ilishapigwa yote tangu siku ya kwanza? Kama ilishapigwa yote, kulipa mapema huenda kusikupunguzie kitu, na hapo ni bora hiyo nyongeza uipeleke kwenye deni lako jingine. La pili, nyongeza itakwenda wapi? Wengine huipokea wakaihesabu kuwa rejesho la mwezi ujao, badala ya kuikata kwenye deni lenyewe. Mwambie kwa maandishi ikate deni lenyewe. Mimi nililipa ziada miezi minne kabla sijajua kwamba fedha yangu ilikuwa imelala tu ikisubiri tarehe.

Turudi bafuni. Hiyo 2,000 inapatikana wapi?

Inapatikana kwenye kiasi. Tazameni tangazo lolote la dawa ya meno: imelazwa juu ya mswaki mzima, inameremeta, mkia umekunjwa kama wimbi. Mtu mzima anahitaji kiasi cha punje moja ya njegere. Mtoto wa chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kinacholinda jino ni floraidi, kwa hiyo kwenye tyubu tafuta neno hilo na kiwango chake. Kwa mtu mzima tafuta ppm, yaani sehemu katika milioni, 1,350 hadi 1,500. Tyubu ya bei ya chini yenye floraidi hiyo italinda jino sawa na ile ya sanduku la dhahabu. Ukimaliza kupiga mswaki tema, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki ifanye kazi uliyoilipia. Wengi wetu tunainunua kisha tunaimwaga kwenye sinki.

Shampuu ni hivyohivyo. Kazi yake ni kuondoa mafuta na vumbi kwenye ngozi ya kichwa, basi. Mimina kidogo kwenye kiganja, ongeza maji kwenye kiganja hichohicho, sugua mikono, ndipo upake. Nimesema kiganjani. Wako wanaojaza maji kwenye chupa nzima ili idumu. Wanadhoofisha ile dawa inayozuia vijidudu visiote ndani, na baada ya wiki chache wanajipaka maji yenye ukungu kichwani.

Inapatikana pia kwenye kusoma. Orodha ya viambato nyuma ya chupa hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, isipokuwa vile vya chini ya asilimia 1 ambavyo hupangwa vyovyote. Ukisoma losheni nyingi utakuta cha kwanza ni maji. Halafu glisirini, halafu mafuta ya aina fulani. Yale maua na asali na lulu zilizochorwa mbele ya chupa, wewe teremka nayo orodha mpaka chini kabisa, utayakuta yamekaa karibu na manukato. Kopo la mafuta ya mgando, kitu ambacho Robert Chesebrough alipewa hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1872, mpaka leo ni katika vitu bora vya kuzuia ngozi isipoteze maji. Siri yake ni kuyapaka ngozi ikiwa bado na unyevu, mara baada ya kuoga. Ukiyapaka kwenye ngozi kavu utang'aa tu kama kikaango. Wenye chunusi usoni wayaache kwenye mikono na miguu.

Na sabuni inayotangazwa kwamba inaua vijidudu? Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 katika sabuni za namna hiyo za kunawia na kuogea majumbani, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kutumiwa kila siku na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Nunua sabuni ya kipande, ikate nusu, ile nyingine ihifadhi pakavu. Iweke kwenye kisahani chenye matundu. Sabuni inayolala kwenye maji huisha bila kumwosha mtu.

Dada zangu, hili ni letu. Idara ya masuala ya walaji ya Jiji la New York mwaka 2015 ililinganisha bidhaa karibu 800, za wanawake kwa za wanaume zinazofanana. Za wanawake zilikuwa ghali zaidi kwa wastani wa asilimia 7, na zile za usafi wa mwili kwa asilimia 13. Wembe uleule, ukipakwa rangi ya waridi, unapanda bei. Mimi natumia nyembe za wanaume mwaka wa nne sasa na miguu yangu haijaniuliza. Hedhi nayo ina hesabu yake: kikombe cha hedhi cha silikoni, kikitunzwa na kuchemshwa inavyotakiwa, huweza kudumu hadi miaka 10. Bei yake siku ya kununua inauma, sitawaficha, na si kila mtu anakipenda. Wasiokipenda wana pedi za kitambaa za kufua.

Kaka zangu mnacheka, nakuja kwenu. Nywele hukua kama sentimita moja na kitu kwa mwezi. Anayenyoa kila wiki mbili anakaa kwenye kiti mara 26 kwa mwaka; akisogeza iwe wiki tatu ni mara 17. Tisa umezifuta bila kubadilisha hata kinyozi. Mwambie tu akukate mtindo ambao ukikua haupotezi umbo, yaani mistari na michoro pembeni usahau kwa muda, maana mchoro ndio unaokurudisha kwake siku ya tisa. Mashine ya kunyolea nyumbani nayo inalipa: igawe bei yake kwa bei ya kunyoa mara moja, utajua baada ya vichwa vingapi imerudisha fedha yake. Kwenye nyumba yenye wavulana watatu haichukui muda. Mara ya kwanza utamkata mtu vibaya. Anza na wa miaka minne, hana mkutano.

Kwa sisi tunaosuka, tusidanganyane kwamba dawa ni kukaa na msuko mmoja nusu mwaka. Wataalamu wa ngozi wanashauri misuko isipite miezi 2 hadi 3, na ile inayobana sana hung'oa nywele za pembeni mwa uso, nyingine hazirudi tena. Pa kuokoa ni kwingine. Vyuo vya ususi vinahitaji vichwa vya wanafunzi kujifunzia, na bei yao ni ya chini kwa sababu wewe unatoa muda. Nenda siku ambayo huna haraka. Au mnapeana zamu: mimi nilisukwa na jirani yangu miaka miwili, nami nikawa namtengenezea kucha na kumsaidia mwanawe masomo ya jioni. Mashine ya kukaushia sikuiona tena, lakini umbea niliupata uleule.

Kuna mahali rahisi ni ghali, na hapo nitasema kwa haraka lakini kwa ukali. Msichangie wembe, hata mume na mke. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na tone la damu usiloliona linatosha. Mashine ya nyumbani isafishwe kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa. Mswaki ubadilishwe kila miezi 3 hadi 4, huo si wa kubania. Limao usoni msipake; maji yake pamoja na jua huunguza. Mkaa na majivu kwenye meno vinakwangua, na jino lililokwanguka halioti tena, tena bili ya daktari wa meno inakuwa deni jipya.

Na krimu za kujichubua. Hapo sizungumzii bei kabisa. Nyingine zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulianza kuzibana, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Kama kopo halina orodha ya viambato, au limeandikwa lisikaribiane na vito vya dhahabu na fedha, usilitumie hata kama umepewa bure.

Sasa niwaambie nilichokosea, kwa sababu mwaka wa kwanza nilibana matumizi haya yote na deni halikushuka kama nilivyotarajia. Nililiangalia kwa miezi kadhaa sielewi. Ile niliyookoa ilikuwa inabaki kwenye mfuko uleule, na mfuko una midomo. Leo umeacha losheni, kesho umenunua viatu, na moyoni unajisifu kwamba wewe ni mtu wa kubana.

Nilipoligundua nikabadilisha kitu kimoja. Nikisimama dukani, nikachukua kopo la bei ndogo badala ya lile la zamani, ninatoka, na kabla sijafika nyumbani natuma tofauti ya bei kwenye deni. Hata kama ni kiasi cha kuchekesha. Kama makato ya kutuma yanakula nusu, andika kwenye daftari, jumlisha, tuma Ijumaa. Siku ambayo ningekwenda saluni sikwenda, natuma bei ya saluni. Siku hiyohiyo. Ilifika mahali yule aliyenikopesha akanipigia simu kuuliza kama kuna hitilafu, mbona fedha zinaingia vipande vipande. Safari hii nilipokea.

Mtaniuliza, basi wewe hukubakiza kitu cha raha? Nilibakiza. Manukato. Chupa moja, ile niliyoipenda tangu nikiwa msichana, naipulizia mara moja shingoni asubuhi. Nilijaribu kuiacha, nikawa mkali nyumbani mpaka mwanangu akasema, "Mama, jipulizie tu." Chagua chako kimoja kabla hujaanza kukata, usije ukakata kila kitu kwa hasira za wiki ya kwanza kisha ukarudi saluni kwa kisasi. Nimewaona waliorudi hivyo. Wanatoka na kucha ndefu na mkopo mwingine.

Kazini na kwenye usaili pia msikwepe gharama inayowaletea kipato. Dada anayeuza nguo lazima apendeze, mpishi lazima kucha zake ziwe fupi na safi. Hizo ni gharama za kazi, ziandike zikiwa zimetengwa. Ila uwe mkweli na daftari lako. Mimi niliwahi kuziandika kope za kubandika kuwa gharama za kazi, na kazi yangu wakati ule ilikuwa ya simu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mara moja namaliza.

Niliwaomba mje na tyubu za dawa ya meno mlizokusudia kutupa, na naona mmekuja nazo. Hii ya kwangu imekunjwa mpaka mwisho, nikiibana haitoki kitu. Ona, nakata kwa mkasi hapa, sentimita tatu hivi kutoka mdomoni, nafunua. Hiyo nyeupe yote iliyoshika kwenye kuta ni dawa. Mwanangu na mimi tutaitumia asubuhi na jioni, siku nne au tano, kisha hiki kipande cha mdomo nakirudishia kama kofia ili isikauke. Losheni ya tyubu vivyo hivyo, na hiyo hubakiza zaidi.

Mkasi uko mezani. Mama wa safu ya mbele, wewe umeishika yako tangu nimeanza kuzungumza. Ilete hapa tuikate.